Bei ya Chakula na Insafu ya Mezani

Watu wa Dar es Salaam wazungumzapo juu ya migahawa ya mjini, aghalabu husikika lalamiko la namna moja, kwamba chakula kimekuwa ghali kupita kiasi, na kwamba sahani ya wali na samaki ambayo mama lishe wa Kariakoo huiuza kwa shilingi 3,000 hivi hupanda mara kumi inapopakuliwa Masaki, mbele ya dirisha linaloelekea bahari. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi kuwa hukumu. Kwa maana mlaji anayeipima thamani kwa bei peke yake humdhulumu mwenye mgahawa, na mwenye mgahawa anayeificha bei yake humdhulumu mlaji, na dhuluma hii ya pili ndiyo niionayo kuwa nzito zaidi katika mji wetu, tena ndiyo iwezayo kuondolewa kwa gharama ndogo.

Mama lishe hununua mkaa, mchele na kitoweo alfajiri, akapika vyungu viwili au vitatu, na inapotimu saa nane mchana sufuria zake zimekauka, wala hakuna kilicholala wala kilichooza. Mwenye mgahawa mkubwa hana raha hiyo. Hulipa pango la jengo, leseni, umeme wa majokofu na mafuta ya jenereta, na ujira wa watu ambao huwapo siku za wateja na siku za meza tupu. Na juu ya hayo yote, akiwa ameandika vyakula sitini katika orodha yake, hana budi kuweka akiba ya nyama, samaki na mboga kwa ajili ya vyakula sitini, hata kama walaji wa siku ile wataagiza kumi tu. Kinachoharibika hakimpotei peke yake. Hugawanywa katika bei ya kila sahani. Kwa sababu hiyo mimi huiogopa orodha ndefu ya vyakula kuliko ninavyoiogopa bei kubwa, na nikipewa kitabu chenye vyakula vya Kichina, Kihindi, Kitaliano na vya pwani kwa pamoja, hujua kwamba nitalipia vitu vingi ambavyo sitavila.

Njia iliyo ya haki ya kuujua mgahawa ni kuagiza kile kinachopikwa humo kila siku, tena kilicho rahisi. Wali wa nazi hausemi uongo. Uliopikwa kwa nazi iliyokunwa asubuhi, tui jepesi likatangulia kuivisha mchele na kasimile ikatiwa mwishoni, moto ukapunguzwa, makaa yakapaliwa juu ya kifuniko, huwa na harufu inayofika mezani kabla ya sahani, na punje zake huachana bila kukauka. Na uliopikwa kwa unga wa nazi wa pakiti huacha utamu wa juu juu ulimini na mafuta yasiyoshikana na wali. Vivyo hivyo samaki. Soko la Feri, Magogoni, hunadi samaki kila asubuhi, na hakuna mgahawa wa katikati ya mji ulio mbali nalo kiasi cha kukosa udhuru. Basi muulize mhudumu ni samaki gani aliyeingia leo. Akijibu bila kusita kwamba ni changu, au kolekole, au kwamba leo hakuna ila pweza, umo mikononi mwa watu wanaoijua kazi yao. Akijibu kwamba wote wapo, wakati wote, jua kwamba jibu hilo limetoka katika jokofu. Mpishi aliyekukunia nazi na kukuchagulia changu amekupa saa za maisha yake, na saa hizo zastahili malipo, hata yakiwa makubwa.

Wala sikubaliani na wanaosema kwamba kulipia mahali pa kukaa ni israfu. Mtu anayempeleka mama yake mzazi kula, au anayeketi na ndugu aliyetoka safari, ana haja ya utulivu, kiti imara, maji safi ya kunawa na choo kisichomtia haya. Mambo hayo yana thamani, na mwenye kuyatoa ana haki ya kuyatoza.

Lakini lililo haki kutozwa ni haki pia kutajwa. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara kimekuwa asilimia 18 tangu mwaka 2009, katika baadhi ya migahawa haionekani kwenye orodha ila kwa maandishi madogo chini ya ukurasa, na mlaji aliyeagiza chakula cha shilingi 20,000 hukuta kimekuwa 23,600, na ikiongezwa asilimia 10 ya huduma juu ya bei ile ya kwanza hufika 25,600. Aliyekuja na kiasi cha pesa alichokikadiria kwa uangalifu hufedheheka mbele ya wageni wake, ilhali hakukosea hesabu. Vibaya zaidi ni kambakochi na samaki mzima wanaouzwa kwa kilo: bei ya kilo huandikwa, uzito haujulikani, mizani imo jikoni, na mlaji huletewa samaki aliyekwisha kukaangwa pamoja na hesabu ambayo hana namna ya kuihakiki.

Na ile asilimia 10 ya huduma huenda kwa nani? Amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Januari 2023 iliwawekea wafanyakazi wa migahawa na baa kima kilicho chini ya kile cha hoteli za kitalii, kwa hiyo fungu hilo si jambo dogo kwa anayelitegemea. Na mlaji anayelilipa akidhani amekwisha kumpa mhudumu haki yake, hivyo asimwachie bakshishi, huenda amemnyima pasipo kukusudia. Naona ni wajibu wa kila mgahawa unaotoza fungu hilo kuandika wazi, mahali mlaji anapoona, kwamba linagawiwa watumishi, ama uache kulitoza.

Bei kamili, kodi ikiwa ndani yake, ibandikwe mlangoni ili mtu aisome kabla ya kuketi. Mizani ya samaki itolewe jikoni ikae ukumbini, nao Wakala wa Vipimo waikague kama wanavyokagua mizani ya wauza nyama. Halmashauri ndizo zinazotoa leseni za biashara hizi, na zinaweza kuyatazama mambo haya siku mwenye mgahawa anapokuja kuhuisha leseni yake, kwa uzito ule ule zinaoutazama usafi wa jiko.