Taa ya kijani isiyojua Kiswahili

Chukua simu uandike "nyumba ya wageni Lamu" kwenye Google. Kabla hujamfikia mwenye nyumba, aghalabu utakutana kwanza na Booking.com, Airbnb na Tripadvisor. Mwenye nyumba ana tovuti yake, alilipa kutengenezewa, na kila mwaka analipia jina la .co.ke. Hata hivyo mgeni anapitia kwa dalali wa mtandaoni, na dalali anakata kamisheni yake, ambayo kwa Booking.com kwa kawaida huwa karibu asilimia 15. Hapo ndipo wauzaji wa huduma ya "SEO" wanapopata mlango.

Ahadi yao ni ileile kutoka Shela hadi Diani: tutakuwekea plagini, utakuwa wa kwanza kwenye Google. Plagini ni kijiprogramu kinachopachikwa kwenye tovuti ili kuiongezea kazi fulani. Tovuti nyingi ndogo zimejengwa kwa WordPress, na huko plagini za kazi hii zinazotajwa sana ni Yoast SEO na Rank Math. Zote mbili zina toleo la bure. Basi anayekudai pesa muulize mapema: unanitoza kwa toleo lipi, na utafanya nini baada ya kulipachika?

Sisemi hazifai. Zinakuwezesha kuandika kichwa na maelezo mafupi yatakayoonekana kwenye matokeo ya Google, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi, ndipo mgeni anasoma "Home" badala ya jina la nyumba na mtaa ilipo. Zinaweka alama zisizoonekana na msomaji zinazoiambia Google kwamba hii ni biashara, iko hapa, simu yake ni hii. Zinatoa pia ramani ya tovuti, orodha ya kurasa zote ambayo Google huifuata, ingawa hiyo WordPress yenyewe imekuwa ikiitengeneza tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Akikutoza pesa za ziada kwa ramani hiyo, jua unauziwa maji ya kisima chako.

Shida ni taa. Ukiandika makala, Yoast hukuonyesha kitone chekundu, cha machungwa au cha kijani, nayo Rank Math hukupa alama juu ya 100. Mhariri anaona nyekundu, anaona haya, anaanza kupangua sentensi. Nimelifanya hilo mwenyewe zaidi ya mara moja, na kila mara makala ilitoka mbovu kuliko ilivyoingia.

Sababu ni kwamba vipimo hivi vilibuniwa kwa lugha nyingine. Yoast, iliyoanzia Uholanzi, ina uchambuzi kamili wa usomekaji kwa Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani, Kiarabu, Kiindonesia na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Kwa Kiingereza, toleo la kulipia linajua kwamba "fish", "fished" na "fishing" ni ndugu. Kwa Kiswahili, mpe neno kuu "mvuvi wa Kipini", kisha uandike habari nzima juu ya wavuvi wa Kipini, uvuvi wao na samaki waliovuliwa. Programu itakwambia hujataja neno lako kuu. Lugha yetu hubadilika mbele ya neno, na mashine inatafuta neno lilelile, herufi kwa herufi.

Urefu nao ni hadithi nyingine. Rank Math hutoa alama kamili za urefu kwa makala ya maneno zaidi ya 2,500. "Hawakumwambia" ni neno moja kwetu. Mwingereza anahitaji matano. Na ni nani atasoma maneno 2,500 kuhusu maji ya mvua yaliyojaa barabarani? Google yenyewe, katika mwongozo wake kwa wenye tovuti, inasema haina idadi ya maneno inayoipenda. Rank Math pia huongeza alama kichwa kikiwa na tarakimu, na nadhani hapo ndipo tulipopata utitiri wa "Mambo 7 usiyoyajua" kuhusu kila kitu, hadi pilau.

Matokeo yake ni kwamba mwandishi wa Pwani anayetaka kijani anahamia Kiingereza, au anarudia "nyumba ya wageni Watamu" mara kumi katika aya tatu hadi msomaji achoke. Kurudiarudia huko Google imekupiga marufuku siku nyingi. Mnamo Machi 2024 ilikaza tena kanuni zake dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kuivutia mashine tu, ziwe zimeandikwa na mtu au na akili mnemba. Taa inaweza kuwa kijani huku ukurasa ukizama, kwa kuwa taa ni ya plagini. Google haiioni.

Na uwanja wenyewe umesogea. Tangu Mei 2024 Google imekuwa ikiweka muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo, kwanza Marekani, na kufikia Oktoba mwaka huohuo katika nchi zaidi ya 100. Anayeuliza jambo dogo anaweza kujibiwa palepale bila kufungua tovuti ya mtu. Kinachobaki na thamani ni kile muhtasari hauwezi kukibuni: bei ya chumba chako leo, picha ya baraza lako, saa ambayo mashua yako inaondoka.

Picha hizo ndizo zinazohitaji msaada kuliko maneno. Picha moja ya simu inaweza kuwa na megabaiti nne au tano, na mteja anaifungua kwa bando. Smush au ShortPixel huzipunguza bila jicho kugundua. Anayeandika kwa Kiswahili na Kiingereza ana Polylang, ambayo huunganisha kurasa mbili za lugha tofauti ili Google ijue ni jambo moja. Zaidi ya hapo mimi ningekuwa bahili. Agosti 2024 iligunduliwa kasoro ya usalama katika LiteSpeed Cache, plagini ya kuongeza kasi iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5. Mdukuzi angeweza kujipa mamlaka ya mwenye tovuti. Aliyesasisha alipona. Lakini ni wangapi wetu wana nywila ya tovuti yetu wenyewe? Fundi aliondoka nayo.

Mwenye nyumba ya wageni aanze na wasifu wa biashara kwenye Google Maps, ambao ni bure, kisha adai kufunguliwa Search Console kwa barua pepe yake mwenyewe, si ya fundi. Nayo ni bure. Humo ataona maneno halisi ambayo watu waliandika kabla ya kufika kwake, na kurasa walizozipita bila kuzifungua. Fundi akikataa kumpa nywila, hilo ni deni la kudai kabla ya kulipia plagini yoyote.