Katwe Isiyo na Chumvi

Safu ya Chumvi Kidogo, na Mwanachumvi

Tawasifu, yaani masimulizi ambayo mtu huyaandika au huandikiwa kuhusu maisha yake mwenyewe, na ambayo hutofautiana na wasifu kwa kuwa katika wasifu msimulizi ni mtu wa pembeni, ndiyo aina ya kitabu inayomfaa zaidi msomaji wa likizo, kwa sababu inaweza kufungwa ugali unapoiva na kufunguliwa tena baada ya siku mbili bila uzi kukatika. Ubaya wake ni kwamba hakuna utanzu mwingine unaotiwa chumvi nyingi kiasi hicho, na ingetarajiwa kwamba wakazi wa Katwe, mji ulio kando ya ziwa la chumvi lililochimbwa kwa karne nyingi, wangekuwa majaji wakali kuliko wote wa kipimo cha kiungo hicho. Yaliyotokea wiki hii katika soko la Bwera yanaonyesha kinyume chake, na safu hii haikusudii kuyafumbia macho.

Msimamo utangulie kisa, ili asije mtu akadai kwamba umezaliwa na hasira: kitabu cha mwanamichezo au mtu mashuhuri huchaguliwa kwa kupima mhusika yuko tayari kuchekwa kiasi gani, wala si kwa kuhesabu vikombe alivyonyanyua, au kwa kutazama mahali palipotajwa jaladani. Bingwa asiyeaibika hata mara moja katika kurasa mia tatu hajaandika tawasifu, ameandika tangazo.

Kisa chenyewe kilimhusu Mzee wa Mizani, ambaye wasomaji wa siku nyingi hawahitaji kutambulishwa kwake, kwa kuwa ndiye aliyewahi kulipima gazeti hili kabla ya kulinunua na kulalamika kwamba limepungua gramu. Mzee huyo alivuka kutoka Katwe hadi Bwera kumtafutia zawadi mjukuu wake aliyemaliza darasa la saba, akafika kwa muuza mitumba mmoja ambaye hupanga vitabu katikati ya viatu vya watoto na mikanda, huku mwandishi wa safu hii akiwa meza ya jirani akichagua soksi na akisikia kila neno. Muuzaji alimtazama mteja wake, akamuuliza anatoka wapi, na alipojibiwa alichomoa haraka nakala ya The Queen of Katwe na kuifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Mzee, hiki ni cha kwenu kabisa," alisema. "Malkia wa kwenu."

Kitabu kililipiwa bila kufunguliwa. Laiti kingefunguliwa, hata kwenye jalada la nyuma tu, ingebainika kwamba Katwe inayozungumzwa humo ni mtaa wa Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka ziwani. Kwamba malkia huyo ni Phiona Mutesi, msichana aliyefundishwa sataranji, mchezo wa bao wenye wafalme na askari ambao Waganda wengi huuita chesi, na kocha Robert Katende. Na kwamba aliyeandika si Mutesi bali Tim Crothers, mwandishi wa habari za michezo kutoka Marekani, aliyekitoa mwaka 2012, miaka minne kabla ya Mira Nair kukigeuza kuwa filamu. Ni kitabu kizuri, lakini si tawasifu, na chumvi ya ziwani haimo. Mwandishi wa safu hii alikohoa mara mbili kwa nia ya kuonya, na kikohozi hicho kikachukuliwa kuwa mafua.

Lililokera zaidi si kosa la jiografia, kwani majina ya miji hugongana kila mahali, bali ni ile imani kwamba kitabu huwa cha mtu kwa sababu jina la kwao limeandikwa juu yake. Watu wa Katwe hawanunui hata chumvi yao kwa namna hiyo. Wanajua kwamba ile nyeupe inayokusanywa kwenye vidimbwi vya kandokando huenda mezani, na kwamba chumvi mawe, inayopasuliwa kutoka chini ya ziwa na watu wanaosimama majini, hupelekewa ng'ombe wairambe, na hakuna mama hata mmoja anayeweza kudanganywa akaitia kwenye mchuzi wa samaki. Ustadi huo hupotea mara tu bidhaa inapokuwa na kurasa.

Chumvi ya ng'ombe ipo tele katika vitabu vya michezo. Wayne Rooney alisaini mkataba wa vitabu vitano mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 20, na mtu anaweza kujiuliza kijana wa miaka hiyo angepata wapi maisha ya kujaza hata daftari moja, ingawa mashabiki wa Manchester United wa Kasese, ambao safu hii imeahidi kutowataja tena, wangevinunua vyote vitano. Mchezaji wa mpira wa kikapu Charles Barkley alifika mbali zaidi, akalalamika kwamba amenukuliwa vibaya katika tawasifu yake mwenyewe, jambo linaloeleweka tu kwa anayejua kazi ya mwandishi kivuli, yaani mtu anayelipwa kuandika kwa "mimi" ya mwingine. Si kwamba kivuli huharibu kitabu daima. J. R. Moehringer ndiye aliyemwandikia Andre Agassi kitabu cha Open cha mwaka 2009, ambamo bingwa wa tenisi anakiri kwamba alicheza fainali ya Ufaransa ya 1990 akiwa amevaa nywele za bandia zilizoachana usiku wa kuamkia mchezo, akawa anaomba zisidondoke uwanjani badala ya kuomba ushindi, na ushindi wenyewe akaukosa. Hiyo ndiyo chumvi ya mezani, na kivuli huyohuyo baadaye alimwandikia Mwanamfalme Harry, ambaye atarejea kabla safu hii haijaisha.

Kitabu kinachostahili likizo nzima, hata hivyo, ni cha mtu wa upande huu wa dunia. Mo Farah, mzaliwa wa Somaliland aliyeipatia Uingereza dhahabu nne za Olimpiki, alitoa Twin Ambitions mwaka 2013, kikasimulia safari ya mtoto anayeifuata familia yake ughaibuni. Mwezi Julai 2022 akajitokeza katika filamu ya BBC na kueleza kwamba jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin, kwamba baba yake aliuawa vitani yeye akiwa na miaka minne, na kwamba aliingizwa Uingereza akiwa na miaka tisa hivi, kutoka Djibouti, na mwanamke asiyemjua, kwa jina la mtoto mwingine, akafanyishwa kazi za nyumbani. Wapo waliosema kwamba kitabu kile sasa ni cha kutupwa, na hao hawajui kusoma. Kwa kawaida mtu mashuhuri hutia chumvi ili aonekane mkubwa. Huyu aliiondoa yote, akapika maisha chapwa, kwa kuwa maisha yenyewe yalikuwa makali mno kuonjeshwa watu. Anayekisoma leo, akijua asichokijua msomaji wa 2013, anasoma vitabu viwili kwa bei ya kimoja.

Filbert Bayi wa Tanzania naye ametoa tawasifu, Catch Me If You Can, ya mwaka 2022, na jina lake ni maelezo kamili ya namna alivyokimbia: alitangulia tangu mwanzo na kuwaacha wengine wahangaike. Ndivyo alivyoshinda mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker wa New Zealand akimfuata. Dunia ikangoja marudiano ya Montreal 1976, lakini nchi nyingi za Afrika zikasusia michezo hiyo, na mbio zilizosubiriwa kuliko zote zikawa hazikukimbiwa.

Mgomo huohuo ulimfungia mlango John Akii-Bua, polisi wa Uganda aliyetwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972, akikimbia njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali, kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Mtu aliyezaliwa katika familia ya watoto 43, akawa shujaa chini ya Idi Amin, akakimbilia Kenya mwaka 1979 na kuishia kufanya kazi Ujerumani kwa watengeneza viatu wa Puma, alikuwa na tawasifu ya kuwazidi mabingwa kumi wa Ulaya. Alifariki mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 47, na kwenye meza za mitumba jina lake halipatikani, ilhali Rooney yupo kwa kilo.

Kwa haki, Katwe ya chumvi nayo imo katika vitabu vya watu mashuhuri. Henry Morton Stanley aliyepita hapa mwaka 1889 aliitia katika In Darkest Africa, iliyotoka mwaka uliofuata kwa majuzuu mawili, naye Frederick Lugard, aliyejenga ngome hapahapa mwaka 1891, akatoa majuzuu yake mawili mwaka 1893. Majuzuu manne, na waliokuwa ndani ya maji ya chumvi hawakuandika hata ukurasa.

Siku tatu baadaye mjukuu alimaliza kitabu, akamuuliza babu yake ziwa liko ukurasa wa ngapi. Mzee wa Mizani alijibu kwamba mwandishi hakufika upande wa ziwani, kisha siku ya soko iliyofuata akakirudisha Bwera akidai alichoahidiwa. Muuzaji hakubisha; aliingiza mkono chini ya viatu akatoa Spare, cha Mwanamfalme Harry, ambaye bibi yake ndiye Malkia Elizabeth aliyepewa mwaka 1954 heshima ya jina la hifadhi ya taifa inayouzunguka mji wa Katwe.

"Basi hiki ndicho cha kwenu hasa, mzee," alisema. "Mbuga mnayokaa ni ya bibi yake."

Mzee wa Mizani alikinyanyua kwa mkono mmoja, cha kwanza kwa mkono mwingine, akatulia kidogo, na kwa kuwa kipya kilikuwa kizito zaidi, akaongeza shilingi elfu mbili.