Mficha Uchi Hazai, Lakini Mkunga Hufunga Mlango

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali hii, na walimu wetu wametueleza mara nyingi kuwa maana yake ni kwamba mwenye shida asione haya kumweleza anayeweza kumsaidia. Sina ugomvi na maelezo hayo. Ninachodai katika makala haya ni kuwa tumeifunza methali hii nusu tu. Mwanamke anayejifungua hujifunua mbele ya mkunga, hajifunui mbele ya kijiji. Kabla ya yote mkunga huwatoa watoto nje, hufunga mlango, na akishamaliza kazi yake haendi kisimani kusimulia aliyoyaona. Methali inamtaka mgonjwa aiweke haya kando. Papo hapo inamtaka anayemhudumia amsetiri. Nusu hii ya pili ndiyo inayokosekana katika zahanati zetu nyingi, na nathubutu kusema kwamba sisi wana-Kiswahili tuna sehemu yetu katika upungufu huo.

Nitatoa mfano mmoja. Mau Narok ni mji mdogo ulioko juu ya Njoro, mahali pa viazi, ngano, kabeji na baridi isiyojua msimu. Barabara inayopita mbele ya Chuo Kikuu cha Egerton ndiyo inayopanda hadi huko. Sokoni hukutana Wakikuyu, Wakalenjin na Wamaasai, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha kwa bei. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama yangu katika zahanati moja ya eneo hilo, ambayo sitaitaja kwa jina. Mbele yetu katika foleni alikuwa ajuza wa Kimaasai aliyekuja na mjukuu wake, mvulana wa umri wa shule ya msingi. Walipofika dirishani, karani aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Shosho, unaumwa na nini?" Ajuza hakukijua Kiswahili cha kutosha. Karani akamgeukia mtoto: "Hebu muulize anaumwa wapi."

Mtoto akauliza. Benchi zima likanyamaza kusikiliza. Ajuza alimtazama mjukuu wake, akatutazama sisi, kisha akaugusa utosi wake. "Kichwa," akasema mtoto. Karani akaandika kichwa katika rejista kubwa iliyokuwa wazi mbele yetu sote. Ndani kwa daktari mkalimani alikuwa yule yule mtoto, na haukupita muda ajuza akatoka na vidonge vya kutuliza maumivu.

Baadaye, tulipokuwa tukingoja matatu kando ya barabara, ajuza yule alimsogelea mama yangu, ambaye biashara ya viazi imemfunza Kimaasai, akamnong'onezea kwa muda mrefu. Tulipokuwa garini nilimuuliza mama walikuwa wakizungumza nini. Alinijibu, "Mwanangu, hakikuwa kichwa." Nikangoja aendelee. Hakuendelea.

Katika kisa hiki hakuna mtu mwovu. Karani alikuwa na foleni ndefu na dirisha moja. Daktari alikuwa na wagonjwa wengi na hakukijua Kimaasai. Mtoto alifanya alilotumwa. Hata hivyo, mgonjwa alitoka na dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na rejista ya zahanati ikabaki na uongo ambao huenda ukajumlishwa katika takwimu za magonjwa ya eneo. Tunapozungumzia siri za wagonjwa, wengi hudhani ni suala la heshima tu, adabu fulani ya kuongezwa juu ya matibabu baada ya dawa na vitanda kupatikana. La hasha. Pasipo faragha, daktari huambiwa uongo, na daktari aliyeambiwa uongo hatibu.

Tukitazama kwa makini, maelezo ya mgonjwa katika zahanati ndogo huvuja kwa njia zinazojulikana na kila mtu. Yanavuja dirishani, pale anapoulizwa maradhi yake mbele ya majirani. Yanavuja katika rejista iliyo wazi juu ya meza, yenye jina, umri, kijiji na ugonjwa katika mstari mmoja, ambapo anayefuata husoma habari za aliyetangulia. Yanavuja katika daftari ambalo mgonjwa hulinunua dukani kama la mwanafunzi na kulibeba mkononi hadi nyumbani, ambako kila mwenye macho anaweza kulifunua. Yanavuja hata bila neno kutamkwa: katika vituo vingi huduma za UKIMWI au kifua kikuu zilitengewa chumba chake, na mtu akishaonekana ameketi kwenye benchi la chumba hicho, hukumu imekwisha kupita sokoni. Yote haya hutokea katika mji ambamo muuguzi huimba kwaya moja na mgonjwa, na karani ni binamu wa mwenye duka.

Matokeo yake ni kwamba faragha imegeuka bidhaa. Mwenye nauli hushuka hadi Njoro au Nakuru atibiwe na mtu asiyemjua wala kujulikana na jamaa zake. Mwenye fedha zaidi huingia kliniki ya binafsi, na sehemu ya anacholipia ni mlango unaofungwa. Fukara hubakia na mambo mawili ya kuchagua: ajianike au anyamaze. Anayenyamaza humthibitisha yule mhenga mwingine aliyesema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tukisikia kifo chake husema kwamba ni ujinga ulimuua, ilhali huenda ni benchi lililomuua.

Msomaji atauliza: je, hakuna sheria? Zipo, tena nzuri. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na habari za familia yake au mambo yake ya binafsi kutodaiwa wala kufichuliwa pasipo haja. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 ililinda siri ya matokeo ya vipimo hata kabla ya Katiba hiyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema kwamba habari za mtu anayepata huduma, yakiwemo hali yake na matibabu yake, ni siri, na inataja hali chache ambamo siri hiyo yaweza kufunguliwa, kama vile ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, amri ya mahakama au hatari kwa afya ya umma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inayaweka maelezo ya afya katika kundi la maelezo nyeti, inampa mwenyewe haki ya kujua yanatumiwaje na kutaka yasahihishwe yakiwa na makosa, na imeunda ofisi ya kamishna ambako mtu aweza kupeleka malalamiko.

Wala sheria hizi si pambo. Mnamo Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wasimamizi wa kaunti wakusanye orodha ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi hivyo. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha na maslahi ya watoto. Funzo la kesi hiyo ni kwamba nia njema haitoshi. Karani wetu wa dirishani naye alikuwa na nia njema.

Sasa nifike kwenye deni letu. Sheria ya Afya niliyoitaja inamtaka mtoa huduma ampe mgonjwa maelezo, kadiri inavyowezekana, katika lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kisomo. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo, fomu za ridhaa nilizowahi kuwekewa mbele, mimi na jamaa zangu, zilikuwa za Kiingereza, na mgonjwa huonyeshwa tu pa kutia sahihi au kidole gumba. Ridhaa ya kitu usichokielewa si ridhaa, ni alama ya wino. Tangu 2022 tumekuwa tukiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai kwa hotuba, mashairi na leso. Ni vyema. Lakini lugha inayoghaniwa jukwaani na kukosekana kwenye karatasi ya upasuaji ina utukufu gani?

Isitoshe, tumeyaacha maneno yetu yachanganyikane. Tunatumia "siri" pale tulipopaswa kusema "faragha". Siri, katika masikio ya wengi, ni jambo la kufichwa, na linalofichwa hudhaniwa kuwa ovu. Ndiyo maana mgonjwa anayeomba kuzungumza "kwa siri" hutazamwa kwa jicho la shaka. Faragha ni nafasi ya mtu kuwa peke yake na mambo yake, yawe mema au mabaya. Mtu huoga faraghani, na hakuna anayesema kwamba ana siri. Tukimfundisha muuguzi na mgonjwa kuwa maelezo ya afya ni faragha kabla ya kuwa siri, tutakuwa tumeuondoa ushuku kwenye ombi la kawaida la mlango kufungwa.

Sisi wa fasihi tuna la kuongeza pia. Tumehakiki UKIMWI kama dhamira katika riwaya kama Ua la Faraja ya William Mkufya iliyotoka mwaka 2004, na tumeandika tasnifu kuhusu unyanyapaa. Katika uhakiki tunatenganisha mhusika na msimulizi, na tunauliza ni nani anayesimulia na kwa idhini ya nani. Swali hilo hilo lahitaji kuulizwa dirishani. Maradhi ya mtu ni hadithi yake. Akimsimulia daktari, hakumkabidhi haki ya kuisimulia tena.

Najua kuna watakaosema kwamba nazungumzia anasa, kwamba zahanati isiyo na dawa haiwezi kudaiwa mapazia. Nawaheshimu wauguzi wanaofanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja. Lakini sijaomba jengo jipya. Wengine watasema kwamba tarakilishi zitatatua haya yote. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na usajili wake ni wa kidijitali. Rejista ya karatasi ikitoweka mezani, nitafurahi. Hata hivyo, mashine haimnong'onezei karani kwamba apunguze sauti, na mfumo unaotegemea namba ya simu haujui kwamba katika nyumba nyingi simu ni moja na mwenye kuishika ni mume au mwana. Uvujaji wa zamani waweza kuingia katika chombo kipya bila kumwagika tone.

Hivyo basi, napendekeza mambo manne. Kwanza, benchi la foleni lisogezwe mbali na dirisha, na swali la ugonjwa liulizwe ndani, si dirishani. Dirishani jina latosha. Pili, rejista ifunikwe kila baada ya mtu mmoja. Tatu, mtoto asiwe mkalimani wa mzazi wala nyanya yake kamwe. Wahudumu wa afya ya jamii walioko vijijini wanazijua lugha za wenzao. Wafunzwe ukalimani na waapishwe kutunza wanayoyasikia. Nne, na hili ni letu, chama chetu kiunde kikundi cha wanafunzi na wahadhiri wa kuandika fomu ya ridhaa na tangazo fupi la haki za mgonjwa kwa Kiswahili ambacho muuza viazi ataelewa. Kisiwe Kiswahili cha kamusi cha kuonyeshana ubingwa. Tukishakiandika, twende tukakisome kwa sauti sokoni kabla ya kukipeleka zahanati, na palipo na neno litakalowakwaza wasikilizaji, tulifute.

Mama yangu hajawahi kuisoma ibara ya 31, lakini tangu siku ile hajaniambia alichoambiwa kando ya barabara. Nimemuuliza mara mbili. Mara ya pili alinikemea. Hadi leo sijui ajuza yule aliugua nini, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa halikunihusu. Linalonisikitisha ni kwamba daktari wake, ambaye lilimhusu, naye hakulijua. Alijua kichwa.