Moto wa shamba na mwenye ardhi asiyeonekana

Wiki za mwisho za kaskazi, ukisimama Takaungu ukatazama upande wa bara, kazi yako ni kuhesabu moshi. Huu wa kwenda Vipingo, ule wa njia ya Kilifi, na mwingine umekaribia zaidi kuliko ulivyokuwa asubuhi. Watu wanatayarisha mashamba kungoja mvua za mwaka. Wamefyeka, wamekusanya mabiwi, wamewasha. Simlaumu mtu, kwani anayelima kwa jembe hana trekta la kumsafishia pori. Lakini nyasi zimekauka tangu vuli ikatike, upepo bado una nguvu, na aliyewasha mara nyingi yuko peke yake na tawi la mwarobaini mkononi.

Marehemu mjomba wangu alipoteza mikorosho kwa moto wa namna hiyo. Ulianza shamba la tatu kutoka kwake, ukapita vichaka vya watu wawili, ukamfikia saa za alasiri. Hakuna aliyelipa. Kila aliyeulizwa alisema moto ulimkuta naye pia.

Nakumbuka mikorosho ile kila nikisikia watu wa mazingira wakizungumzia uchomaji wa mpango, yaani kuwasha moto kwa makusudi, mahali palipochaguliwa na wakati uliochaguliwa, ili kuilinda ardhi. Kwa wengi wetu hilo ni kama kichekesho. Vipi uchome ili uhifadhi? Jibu liko katika nyasi. Nyasi zikichomwa zikiwa bado zina unyevu, moto huenda polepole, huwa mfupi, na hufa wenyewe unapokuta majani mabichi. Zikiachwa mpaka mwisho wa kiangazi, moto huo huo hupanda juu, ukaua miche na ukaunguza maganda ya miti mikubwa. Basi unachoma kidogo mapema ili usichomewe kila kitu baadaye.

Hatuhitaji kwenda Ulaya kuliona hilo. Hapa kwetu, mbuga za nyasi za Shimba Hills zimewahi kuchomwa kwa mpango ili palahala wapate majani machanga, na palahala wa Kenya makao yao ni pale. Lakini mfano unaonivutia zaidi uko Kilwa, kwa Waswahili wenzetu. Huko kuna misitu ya vijiji yenye mpingo, mti ambao Wazungu hutengenezea zumari zao za bei kubwa. Shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative lilifanya kazi na vijiji kama Kikole na Kisangi, na mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha kimataifa cha FSC. Moto wa mwisho wa kiangazi ni adui mkubwa wa miche ya mpingo, kwa hiyo uchomaji wa mapema ukaingizwa katika kazi ya kuitunza misitu.

Tusikimbilie kunakili, lakini. Kilwa ina msimu mmoja mkubwa wa mvua na kiangazi kirefu. Sisi tuna mvua za mwaka na vuli, na kalenda yao haitutoshi. Tena si kila msitu unataka moto. Mtu akipeleka kiberiti katika kaya za Wamijikenda kwa jina la uhifadhi, wazee wa kaya wana haki ya kumfukuza. Arabuko-Sokoke nayo, kilomita za mraba 420 hivi, ina vichaka vizito ambavyo moto ukiingia ni hasara tupu. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila kibali, na hapo sina ugomvi nayo.

Kwetu Takaungu mpango ungeanza na moto ambao tayari tunauwasha. Kila mtaa wa mashamba uwe na siku zake za kuchoma, alfajiri umande ukiwapo, si saa saba mchana. Mabiwi yawe madogo, mkuza usafishwe pande zote, jirani wa kushoto na wa kulia wapewe habari, na vijana wawepo na maji mpaka jivu lipoe. Hili la mwisho ndilo tunalolipuuza kuliko yote. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tuzime moto kabla ya kulala, nasi tunaacha mabiwi yakifuka tukaenda zetu kuswali Magharibi. Wazee walihesabu miongo tangu Nairuzi, wakajua lini kufyeka na lini kupanda. Sisi tunangoja jirani awashe, nasi tuwashe.

Kazi hii ina mwenyewe kisheria. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za zimamoto na usimamizi wa majanga, pamoja na kutekeleza sera za taifa za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Kilifi haihitaji kuomba ruhusa Nairobi ili iwape vijana wa mashambani mafunzo na vifaa vya kuzimia moto.

Ila kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo linalonifanya nisitie matumaini mengi. Kilwa mpango uliwezekana kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake. Halmashauri ya kijiji inaweza kusema: hapa tunachoma, pale hatuchomi. Nani atasema hivyo Takaungu? Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, pwani hii anayelima ni mmoja na mwenye karatasi ni mwingine. Ardhi ya amana ya Mazrui, iliyowekewa sheria yake 1914, Bunge liliifuta amana hiyo 1989, na kesi zikafuata mahakamani kwa miaka mingi. Kuna viwanja ambavyo mwenyewe yuko Mombasa, au Nairobi, au Maskati, na pori limeota mpaka kifuani. Pori hilo ndilo kuni za moto wa mwaka ujao. Jirani akilifyeka ataambiwa amevamia. Akilichoma kwa mpango, na huo mpango uwe umeandikwa vizuri namna gani, anaweza kuitwa polisi. Akiliacha, litamuunguzia mikorosho.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ingesaidia pale ambapo jamii ina ardhi ya kusajili. Kwa viwanja vyenye hati za watu binafsi, kaunti ingeweza kutunga sheria ndogo inayomtaka mwenye hati asafishe mkuza kabla ya Januari, na akishindwa, kazi ifanywe na kikosi cha mtaa kwa gharama yake. Wawakilishi wetu wa wadi wataomba kura tena. Watakapokuja barazani, mimi nitawauliza kuhusu mkuza.