Staa, Jina Kapuni, Tuachie Dadu Yetu ya Ludo!

Haya wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina hasira na staa mmoja wa mitandao, jina kapuni, anayejimwambafai kwamba michezo ya kuigiza mezani, ile ya kila mtu kuwa na mhusika wake na dadu kuamua mambo, ni ya "wenye uwezo". Eti bila vile vitabu vitatu vinene vya Dungeons & Dragons na dadu za pande 20, hujacheza kitu.

Mbwembwe tupu! Kijana wa Kitandililo akisikia hivyo anaona hayamhusu, anaendelea na mambo yake. Na si kweli hata kidogo.

Chukua Lasers & Feelings ya John Harper. Ukurasa mmoja tu, bure mtandaoni. Unachagua namba moja, kuanzia 2 hadi 5, basi. Ukifanya jambo la akili na utulivu, dadu itoke chini ya namba yako. La moyo na hisia, itoke juu. Ikitoka namba yako yenyewe, unamuuliza msimulizi swali na lazima akujibu ukweli. Dadu ni ya pande 6, ile ile ya ludo! Makambako utaikosaje?

Honey Heist ya Grant Howitt nayo ni ukurasa mmoja: nyie ni dubu, mnaiba asali. (Dubu hatuna, weka nyegere, inanoga zaidi.) Una sifa mbili, udubu na uhalifu, na moja ikifika 6 umekwisha. Mtacheka mpaka basi, ila ni ya usiku mmoja. Risus naipa nafasi ya tatu, maana unarusha dadu kadhaa kwa mkupuo na hesabu zinapoza stori.

Mnaotaka stori ya miezi sita, mhusika akue na kupata nguvu mpya, sawa, vile vitabu vinene vinasaidia. Lakini staa anadai sheria chache zinaleta ubishi. Bro, sote tumecheza baba na mama uani bila kitabu, na ubishi tulimaliza wenyewe. Wanaobishana usiku kucha ni wenye kurasa mia tatu za kufunua!

Wa Njombe na Makambako, baridi hii mnacheza nini? Funguka kwenye komenti. Na staa, ukijiona humu, dadu tunayo.