Benki ya nani, hasara ya nani?

Wako watu wanaoamini kwamba benki ikiwa ya binafsi, basi na hasara yake ni ya binafsi. Historia ya Bank Central Asia ya Indonesia, iliyofunguliwa mjini Jakarta mwaka 1957, inatoa jawabu jingine kabisa, na ni historia ambayo mizizi yake inafika hadi kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba.

Mwenye benki hiyo, Liem Sioe Liong, ambaye baadaye alijiita Sudono Salim, alikuwa Mchina aliyehamia Java mwaka 1938 akaanza biashara katika mji wa Kudus. Kudus ni mji wa viwanda vya kretek, yaani sigara za tumbaku iliyochanganywa na karafuu, na Liem alikuwa akiviuzia viwanda hivyo karafuu. Katika miaka ya 1950 alilipatia mahitaji jeshi la Java ya Kati, ambalo kamanda wake alikuwa Suharto. Suharto alipokwisha kutwaa madaraka ya nchi, fadhila hazikusahauliwa. Mwaka 1968 ruhusa ya kuagiza karafuu kutoka Zanzibar na Madagaska ilitolewa kwa makampuni mawili tu: moja la Liem, la pili la Probosutedjo, ndugu wa kambo wa Suharto. Karafuu iliyochumwa kwa jasho huku, ikitaka kuingia Indonesia kihalali, ilibidi ipite katika mlango huo mwembamba, na walinzi wa mlango ndio waliotajirika. Baada ya karafuu ukafuata unga wa ngano, kisha saruji.

Benki nayo ilikua mpaka ikawa benki binafsi kubwa kuliko zote nchini. Watoto wawili wa Suharto, Sigit na Siti Hardijanti, walimilikishwa hisa zipatazo asilimia 30. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Benki ilikusanya akiba za wenye maduka, makarani na walimu, kisha sehemu kubwa ya fedha hizo ikakopeshwa makampuni ya mwenye benki mwenyewe. Sheria ilikuwapo ya kuweka kikomo cha mikopo ya namna hiyo. Lakini ni ofisa gani wa Benki Kuu ambaye angethubutu kwenda kuwahesabia watoto wa rais?

Mwaka 1997 sarafu ya rupia iliporomoka. Tarehe 1 Novemba mwaka huo serikali, kwa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa, ilifunga mabenki 16, mojawapo likiwa la Probosutedjo yule yule. Watu wakaingiwa na hofu. Mei 1998 ghasia zilipozuka Jakarta, nyumba ya Liem ilichomwa moto na wenye akiba wakapanga foleni kudai fedha zao. Suharto alijiuzulu tarehe 21 Mei. Wiki moja baadaye dola iliitwaa benki.

Yafaa kulitazama neno hilo “kutwaa” kwa makini. Benki ilipokuwa na faida ilikuwa ya Liem na watoto wa mkubwa. Ilipofilisika ikawa ya umma. Serikali iliipa hatifungani, yaani ahadi za dola za kulipa deni kwa riba, zenye thamani ya rupia trilioni 60 hivi. Liem alikubali kwamba anadaiwa rupia trilioni 52 na ushei, akakabidhi hisa zake katika makampuni 108. Mali hizo zilipouzwa, zilipatikana trilioni 20 tu, au pungufu kidogo.

Kisha ikaja zamu ya kuuza. Mwaka 2002, huku Shirika la Fedha likihimiza, serikali iliuza asilimia 51 ya benki kwa rupia trilioni 5.3. Wafanyakazi wa benki waliandamana kupinga, na Kwik Kian Gie, aliyekuwa waziri wa mipango, alilalamika kwamba inauzwa kwa bei ya kutupa benki inayoendelea kupokea riba kutoka hazina. Wahasibu watajibu kwamba hatifungani zile zilikuwa kinga ya akiba za wateja, si zawadi kwa mnunuzi, na jibu hilo lina ukweli wake. Lakini halielezi kwa nini, baada ya wananchi kuubeba mzigo mzima wa maradhi, mgonjwa alipopata nafuu ndipo ikaonekana kuwa dola haifai kumiliki benki.

Wanunuzi walikuwa Farallon, kampuni ya mitaji ya Marekani, wakishirikiana na ndugu wawili wa ukoo wa Hartono. Baadaye Farallon walijitoa, na hisa zile kubwa zikabaki mikononi mwa akina Hartono, ambao utajiri wao ulitokana na Djarum, kiwanda cha kretek alichokianzisha baba yao mwaka 1951 katika mji ule ule wa Kudus. Benki ilitoka kwa mchuuzi wa karafuu ikaenda kwa watengenezaji wa sigara za karafuu, na katikati ya safari hiyo ilipita katika hazina ya taifa, ikaacha deni ambalo riba yake ililipwa mwaka baada ya mwaka kutoka katika bajeti ile ile inayogharimia shule na zahanati za Java na Sumatra.