Mnyama Hana Mdomo, Tumsemee

Wahenga walinena kuwa mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kule Marekani kuna mchezo uitwao rodeo. Watu hulipa kiingilio kutazama farasi na fahali wakiwarusha wapandaji, na ndama wakinaswa kwa kamba shingoni. Usidhani farasi huyo anaruka kwa furaha, la! Amefungwa mkanda tumboni, karibu na miguu ya nyuma, naye anajaribu kuutoa. Mwaka 1924 mchezo huo ulipelekwa Wembley, London, na watu wengi wakaupinga. Mwaka 1934 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukataza ukatili huo. Nako Marekani, mji wa Pittsburgh ulijitungia sheria yake wa kuzuia mikanda hiyo na vyuma vya umeme.

Eti sisi hayatuhusu? Kakamega, Waisukha na Waidakho hupiganisha mafahali, nao husema ni mila. Lakini kabla hatujawanyoshea kidole, tujitazame sisi wenyewe. Ukienda sokoni hukosi kuona kuku wakining'inizwa kichwa chini, mbuzi amefungwa nyuma ya pikipiki kama gunia, na punda mwenye kidonda akichapwa apande mlima na mzigo. Tofauti ni moja tu: hapa hakuna kiingilio!

Sheria ipo. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha kupita kiasi. Lakini sheria iliyo Nairobi haimfikii punda wa Gakoromone. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti kazi ya kusimamia maslahi ya wanyama, pamoja na burudani za umma. Kwa hivyo Bunge la Kaunti ya Meru lina uwezo wa kututungia sheria yetu: punda mgonjwa asifanye kazi, mzigo uwe na kipimo, na mnyama asiteswe ili watu wacheke.

Najua wengine watauliza, "Kwani mwenye punda atakula nini?" Swali hilo ni la haki. Mtu maskini akitozwa faini leo, kesho watoto wake watalala njaa. Ndiyo maana nasema sheria ianze kwa mafunzo, maji ya kunywesha wanyama sokoni, na daktari wa mifugo wa kuwatibu. Faini imngoje yule aliyefunzwa akakaidi. Tena punda mzima hufanya kazi miaka mingi, lakini aliyevunjika mgongo hamlishi mtu.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu karo yetu imebebwa na mnyama. Husemwa kuwa asante ya punda ni mateke. Je, sisi tumempa punda asante gani?